Migunga Katika Mikebe ya Mama

Mama yangu hakuweza kunywa chai ya asubuhi kama ua haujafagiwa. Alipohama Unguja alikuja Maskati na watoto wanne, masanduku mawili na ufagio wa chelewa, na katika hivyo vyote ni ufagio tu ambao hakukubali mtu mwengine amshikie. Nyumba yetu ya Khuwair ya Kusini ilikuwa na ua wa saruji mbele na kipande cha mchanga nyuma, na vyote viwili vilifagiwa kila siku, hata siku za upepo wa vumbi ambapo alichokifagia kilirudi kabla hajauweka ufagio chini. Jani likianguka, tulitazamwa sisi watoto.

Naanza na ufagio kwa sababu kosa kubwa la maisha yangu ya kazi lilitoka humo uani, na nilikaa muda mrefu nikiwasingizia wengine: dereva wa boza la maji, jua, mbuzi, hata mkuu wangu.

Miaka ya tisini nilikuwa mpangaji katika idara moja ya serikali iliyoangalia mapori na wanyama wake. Nilisoma chuo kikuu kule Al Khoudh, nikatoka na shahada na kiburi cha kuwatosha watu wawili. Mkuu wangu alikuwa Muomani aliyezaliwa Tabora. Tulizungumza Kiarabu kwenye mikutano na Kiswahili kwenye korido. Mama alipomsikia kwenye simu mara ya kwanza, alisema Kiswahili cha bwana huyu kimepanda treni ya bara. Alikuwa mtu mpole, mwenye tabia ya kugonga meza kwa kalamu pale anapotaka kukukatalia jambo.

Siku moja aligonga meza lakini hakunikatalia. Alinisukumia jalada.

"Dada, kuna bonde nyuma ya Bawshar, kule milimani," akasema. "Watu wa kokoto wameondoka. Nataka unipangie namna ya kulirudisha lilivyokuwa, swala warudi. Na usiniletee hadithi, niletee ramani."

Bonde lenyewe nililijua. Lilikuwa na migunga, ile miti ya miba yenye kichwa bapa ambayo Waarabu huiita samur, imetawanyika juu ya changarawe kuanzia mdomo wa wadi, ule mto mkavu, mpaka miguuni mwa majabali. Mimi niliuita msitu. Mama alikataa katakata. Msitu kwake ulikuwa Jozani, mahali ambapo jua halifiki chini. Miti ambayo unaweza kuihesabu umekaa garini, akasema, hiyo ni miti iliyopotezana. Tulibishana juu ya neno hilo miaka mingi na hakuna aliyeshinda.

Kampuni ya kokoto ilikuwa imekaa humo mpaka changarawe nzuri ikamalizika. Iliacha mashimo ya kumeza nyumba, vilima vya vumbi la mawe, na barabara za malori zilizokatiza bonde huku na huku bila mpango. Migunga mingi ilisukumwa na tingatinga ikalazwa pembeni, mizizi juu. Sikuwa na haki ya kuwalaani sana, maana mji mzima ulikuwa unajengwa na mawe yale na huenda hata ua wetu wa saruji ulitoka kule. Lililonikera zaidi zilikuwa zile barabara. Zamani swala walikuwa salama humo kwa sababu gari haikuweza kupita. Sasa mwindaji aliingia na gari lake kama anakwenda sokoni.

Nilifanya kazi miezi minne. Nilichora ramani kwa mkono, juu ya karatasi nyembamba inayopitisha mwanga, moja juu ya nyengine: ya kwanza maji, ya pili miti, ya tatu uharibifu, ya nne yale tutakayoyafanya. Ile ya nne niliipenda kama mtu anavyopenda sura yake. Na nilipanga kama mtoto wa mama yangu. Mashimo yote yafukiwe na ardhi isawazishwe. Miti mikavu iliyolala ichukuliwe yote. Mbuzi wazuiwe kwa uzio. Kisha miche ya migunga iliyolelewa kwenye kitalu, kivulini, ikimwagiwa maji asubuhi na jioni, ipandwe kwa mistari, na boza lipite kila baada ya siku tatu. Nafasi kati ya mche na mche niliichukua bila kufikiri kutoka kwenye shamba la mikarafuu la babu yangu, ambalo mimi mwenyewe silikumbuki ila kwa kusimuliwa.

Na palikuwa na mazizi. Yalikuwa mazizi ya zamani ya mbuzi, yaliyojengwa kwa mawe, na ndani samadi kavu iliyorundikana miaka na miaka mpaka magotini. Katika mpango niliyaweka chini ya kichwa "Uondoaji wa takataka". Nakumbuka hata rangi niliyoyapaka kwenye ramani, ilikuwa nyekundu.

Mwenye mbuzi alikuwa mama mmoja wa makamo aliyekaa na wanawe juu kidogo ya bonde. Alikuwa na sauti nene, na sikio moja lilikuwa zito kwa hivyo alizungumza na kila mtu kana kwamba yuko ng'ambo ya wadi. Siku malori yalipokuja kuchukua samadi alishuka akauliza kwa Kiarabu nani kaamuru mazizi yake yachotwe. Nikamwambia ni mimi. Alinitazama viatu kwanza, vilikuwa vya mjini, kisha akanitazama uso. Akasema basi samadi iliyobaki ataichukua mwenyewe kwa ajili ya mitende yake, akawaita wanawe, wakapakia gari yao wakaondoka. Sikumuomba hata radhi. Niliona nimefanya kazi yangu.

Jioni nilimsimulia mama kama kichekesho. Hakucheka.

"Samadi ya mbuzi mnaitupa?" akasema. "Nyie wazima? Mie huku nnaomba kwa jirani kama maskini."

Nyuma ya nyumba alikuwa na mikebe ya rangi ishirini hivi, ile mikubwa, aliyoitoboa kwa msumari chini. Humo alipanda mchicha, pilipili mbuzi, mrihani na mchaichai, na mchicha wake ulikuwa ndio fahari yake mjini. Kina mama wa Kiunguja walikuja kuuchukua kutoka hata Al Khoudh. Nikamletea magunia sita kutoka kwenye lori la mwisho, ili ninyamaziwe. Aliyapanga kwenye kivuli cha ukuta akasema yatangoja baridi, maana mchicha wa joto huwa mchungu.

Kiangazi kile bonde langu lilikufa mara ya pili.

Sipendi kulisema lakini ndivyo ilivyokuwa. Miche ya kitalu ilisimama wiki kadhaa, kijani, kwa mistari, nikapiga picha. Boza likaharibika mara moja, likatengenezwa, likaharibika tena. Miche ikaanza kukauka kutoka juu. Nilipoung'oa mmoja nione, mizizi yake ilikuwa imejiviringisha kama uzi kwenye kigurudumu, kwa sura ileile ya mfuko wa plastiki ambamo ililelewa, haikuwa imeshuka hata shibiri. Ilikuwa imefundishwa kungoja maji juu, basi ikangoja.

Lakini hilo halikuniuma kama lile la pili. Ardhi niliyoisawazisha na njia za boza zilikuwa zimewafanyia wawindaji uwanja. Hapakuwa na shimo la kuwakwamisha wala gogo la kujificha swala. Asubuhi moja nilikuta alama za matairi zimezunguka na kuzunguka kati ya mistari yangu ya miche, na mwisho wa mzunguko palikuwa na maganda ya risasi, kwato nne na kichwa cha swala jike. Nilirudi garini nikalia kwa hasira, na hasira yote ilikuwa juu yangu. Nililifagia bonde, nikawaachia mlango wazi.

Mkuu wangu aliisoma ripoti yangu mpaka mwisho, na mara hii aligonga meza muda mrefu.

"Kuna jalada jengine hapa," akasema. "Kampuni nyengine inataka kusaga mawe humo. Wanasema bonde limekwisha kufa, kwa nini libaki bure. Mimi siwezi kuwajibu kwa picha za miche iliyokauka."

"Nipe muda."

"Nakupa mpaka mvua za baridi zipite. Nikienda nikakuta migunga michanga imesimama bila boza, na alama kwamba swala wanaingia humo, nitaandika hapana na nitaisimamia. Nisipokuta, dada yangu, sina la kuandika."

Nilimshukuru, nikaenda nikakaa chooni mpaka uso ukatulia. Sikuwa na mpango wowote. Nilikuwa na ramani nne nzuri na kitalu cha miche ambayo singethubutu kuipanda tena.

Ijumaa moja, joto lilipoanza kupungua, nilikuwa napiga pasi nguo mama akaniita kutoka nyuma ya nyumba. Sauti ilikuwa ile ya kumwita mtu aliyekosa. Nikatoka. Alikuwa amekaa kwenye kibao chake kidogo mbele ya mikebe, mkono umejaa udongo, na kando ya mguu wake palikuwa na rundo la magugu yaliyong'olewa.

"Samadi gani hii ulonletea?" akasema. "Nnapanda mchicha, inatoka miba. Nang'oa leo, kesho imetoka mingine. Tangu juzi nnang'oa tu, vidole vyote vimechomwa."

Nikainama. Yalikuwa majani mawili mazito ya kwanza, na juu yake jani la tatu lililogawika vijani vidogo vidogo, viwiliviwili, kama kitana. Lile jani nilikuwa nimelichora mara nyingi kuliko jina langu. Nikaushika mmoja uliokuwa bado haujanyauka, nikautazama mzizi. Juu ya udongo ulikuwa urefu wa kidole. Chini, mzizi mweupe ulionyooka ulikuwa mara tatu ya hapo, na hata hapo ulikuwa umekatika kabla ya mwisho wake.

Nikajua mara moja, na kwa kweli nilipaswa kujua tangu chuoni. Punje ya mgunga ina ganda gumu, inaweza kukaa ardhini miaka bila kuota. Mbuzi hula maganda ya mgunga, punje zikiwa ndani, kiangazi chote. Punje hupita tumboni mwake, ganda likalegea, ikatoka tayari. Vizazi vya mbuzi vilikuwa vimelala katika mazizi yale. Yale niliyoyapaka rangi nyekundu yalikuwa msitu mzima wa kesho uliokuwa unangoja mvua, na mimi nilikuwa nimeagiza malori uchukuliwe ukatupwe.

Badala ya kusema hayo, nilimgeukia mama. Nina ulimi mbaya nikishikwa na fedheha, na sikujizuia.

"Umeiua!" nikasema. "Yote hii ilikuwa hai, ukaing'oa!"

Mama aliniangalia bila kuinuka.

"Nani kaua? Mie?" akasema. "Mie nnang'oa miba kwenye mchicha wangu, ndani ya mkebe wangu. Weye ndo ulochota kwenye nyumba ya watu ukaita takataka. Usinipandishie sauti, mwanangu."

Nilikaa chini kwenye mchanga, na gauni langu la Ijumaa, nikaanza kulia. Mama akajifuta mikono kwa kanga akaniuliza, kwa sauti nyengine kabisa, hii miba ni ya nini hasa. Nikamweleza kila kitu kwa mara ya kwanza: mashimo, kichwa cha swala, jalada la kampuni ya pili, muda niliopewa. Miaka yote alijua tu kwamba nafanya kazi ya serikali na narudi na vumbi kichwani.

"Basi ile mikebe saba mwisho kule sijaigusa," akasema. "Na magunia manne sijayafungua. Nenda kamuombe radhi mwenye mbuzi. Na usende mikono mitupu."

Nilikwenda na halua na birika ya kahawa aliyoipika mama mwenyewe, yenye iliki nyingi. Mwenye mbuzi alinipokea kwa adabu zote na uso wa jiwe. Nilimwita khaala, kama unavyomwita mdogo wake mama, nikasema kwa sauti ya kufika sikio lake kwamba nimekosa, na kwamba nahitaji samadi yake. Wanawe walikuwa wanasikia. Jabali nalo lilikuwa linasikia.

Alikunywa vikombe vitatu kabla ya kunijibu. Samadi ipo, akasema, sehemu kubwa bado imerundikwa kando ya mitende, lakini hatoi kitu kwa mtu anayefunga njia yake ya kisima na kuacha wazi njia ya wawindaji. Nikafungua ramani yangu ya nne. Akaiangalia, akaigeuza juu chini, akaigeuza tena, akaniuliza kisima kiko wapi humu. Hakikuwemo. Nilipita pale mara nyingi nisikione, kwa sababu kilifunikwa kwa bati.

Basi tukapanga upya, mimi na yeye, tukitembea. Ilituchukua wiki mbili na tulinuniana siku nyingi kati ya hizo. Alitaka uzio wote utolewe. Nilitaka mbuzi wasiingie kabisa. Tukakubaliana kwamba mvua ikinyesha atawapandisha mbuzi bonde la juu mpaka joto lirudi, na kiangazi watashuka kula maganda na kulala humo kama zamani, wailete mbegu wenyewe. Njia ya kisima ikafunguliwa. Njia sita nyengine tukazifunga, na tulianza na ile ambayo wawindaji waliipenda zaidi, sio ile iliyonirahisishia mimi kuingia.

Na tulifunga kwa uchafu. Ile miti mikavu niliyoagiza ichukuliwe ilikuwa bado imerundikwa nje ya bonde, nikairudisha yote, tukailaza juu ya njia za malori, miba juu. Gari haiwezi kupita hapo. Mbuzi hawezi kupenya kula mche ulio chini yake. Swala anaweza kulala nyuma yake asionekane. Ile ardhi iliyosawazishwa tulichimba vishimo na kuacha vichuguu, ovyo ovyo, bila mstari. Kila nilipoona kimoja kimekaa sawa na chenzake, nilimwambia fundi wa mashine akiharibu. Alidhani nimechanganywa na jua. Ndani ya kila kishimo tulimwaga samadi.

Mkuu wangu aliuona mpango mpya akauliza ramani iko wapi. Nikampa karatasi moja yenye alama za kalamu ya risasi na doa la kahawa. Aliitazama sana. Hakugonga meza.

Siku tuliyomwaga samadi ya mwisho, mama alisema anakuja. Hakuwahi kufika bondeni. Nchi hii yote aliiita "kwenu" akizungumza na mimi, kana kwamba mimi nilizaliwa nayo na yeye amepita tu kututembelea. Alikuja na magunia yake manne na mikebe saba ndani ya gari, akasema hataki kubaki na kitu cha watu. Nilimwambia udongo wa mikebe tuuache, una mbegu za mchicha, sio mmea wa hapa. Alinijibu kwamba hata yeye sio wa hapa na hakuna aliyemrudisha. Akaigeuza mikebe yote saba ndani ya mashimo, karibu na mgunga mkubwa uliopona, akaipigapiga matako kama anatoa keki.

Kitaalamu lilikuwa kosa, na niliandika hivyo katika ripoti.

Kisha tukangoja. Sijui kazi nyengine ambayo mtu husubiri mvua ofisini, chini ya kiyoyozi. Kila asubuhi nilitazama milima kutoka dirishani kabla ya kuvua viatu. Mwezi mmoja ulipita, wa pili ukapita. Mkuu wangu aliacha kuniuliza, jambo lililokuwa baya zaidi. Halafu alasiri moja mbingu ilikuwa nyeusi upande wa Bawshar, na mvua ikanyesha mpaka barabara ya mbele ya nyumba ikageuka mto na majirani wakatoka na watoto kuitazama. Mama alisimama mlangoni akasema alhamdulillahi, halafu akasema ua umechafuka.

Sikwenda kwa wiki tatu. Niliogopa. Nilimwambia mkuu wangu twende pamoja, nione anapoona, nisiwe na muda wa kujipamba. Mama akasema na yeye yumo, ana mchicha wake kule. Basi tukaenda watu watatu katika gari ya serikali, mama mbele, mkuu wangu akimwita bibi na kumuuliza habari za Unguja, naye akimrekebisha Kiswahili mpaka tulipofika kwenye changarawe.

Migunga ilikuwepo. Nilianza kuiona kabla sijashuka, chini ya matawi makavu, ndani ya vishimo, mitano hapa, mmoja pale, kumi pamoja mahali ambapo samadi ilimwagika zaidi. Ilikuwa midogo mno kiasi kwamba mtu mwengine angepita juu yake. Hakuna boza lililogusa bonde lile tangu kiangazi. Mkuu wangu alipiga magoti, suruali yake safi, akasogeza tawi, akachomwa, akatazama. Alikwenda shimo la pili na la tatu. Alikuwa anahesabu kwa midomo, na mimi nilikuwa nahesabu naye.

"Miti nimeona," akasema hatimaye. "Hongera, dada. Swala je?"

Swala sikuwaona. Tulitembea saa nzima. Ardhi ilikuwa changarawe tupu, haishiki unyayo, na mvua ilikuwa imeosha kila kitu. Mkuu wangu alikuwa mtu wa neno lake. Alisema viwili, na kimoja hakitoshi. Nilimuona anatazama saa. Nilianza kutafuta maneno ya kumsihi na kila nililolipata lilikuwa la aibu.

Ndipo tukamsikia mama. Alikuwa amebaki kwenye mgunga mkubwa.

"Nani kala mchicha wangu?"

Tulimkuta ameinama, mkono kiunoni. Mchicha wa mikebe saba ulikuwa umeota wote, mwekundu na wa kijani, umestawi kuliko hata nyumbani. Na vichwa vyake vyote vilikuwa vimekatwa. Havikung'olewa, wala havikuburutwa ovyo kama afanyavyo mbuzi. Vilikatwa juu tu, nadhifu, tawi moja hili na tawi moja lile. Mbuzi walikuwa bonde la juu tangu mvua, nililijua hilo kwa sababu nilitoka kuwasikia wakilia huko juu. Mkuu wangu akachutama. Katika udongo laini wa mikebe ya rangi, udongo pekee wa bonde lile ulioweza kushika alama, kulikuwa na kwato ndogo nyembamba, zilizochongoka mbele, na nyuma yake nyengine ndogo zaidi, za mtoto. Pembeni palikuwa na punje za kinyesi, nyeusi, bado mbichi.

Mkuu wangu alitoa kalamu mfukoni, na nikaona mkono wake unatafuta meza ya kugonga, haipo. Akaandika kwenye jalada palepale, kwenye goti lake.

Mama hakuwa anatutazama. Alikuwa amekaa chini, ameanza kuchambua mchicha wake uliobaki, na mkono wake ulikwenda wenyewe, kama ulivyokuwa ukienda kila asubuhi ya maisha yake, ukakishika kimche cha mgunga kilichoota katikati. Nilifungua mdomo. Vidole vilibana. Kisha vikaachia, akakipigia udongo shinani, akakiwekea vijiwe vitatu kuzunguka, kama ramani, ili asisahau.

Kampuni ile ilijibiwa hapana. Mchicha wa bondeni ulikauka joto liliporudi na haukuota tena, kwa hivyo ile aya ya ripoti haikunidhuru. Miaka iliyofuata tulipanga mabonde mengine kwa njia hiyo, na mengine yalitushinda. Hili la kwanza lina migunga sasa inayonifika begani, imekaa ovyo, na mwenye mbuzi hulichafua kila kiangazi kwa makubaliano.

Mama aliendelea na mikebe yake hata alipoanza kutembea kwa mkongojo. Kila mwaka baridi ikikaribia nilimletea gunia moja kutoka mazizini, sio zaidi. Alikuwa anasahau mambo mengi siku hizo. Alisahau majina yetu, alisahau kama ameswali. Lakini simu ilikuwa inalia ofisini, mimi nikiwa kwenye kikao na watu wazima wenye tai, na ilikuwa sauti yake.

"Kimetoka kimoja. Njoo ukichukue upesi, mkono wangu haujasahau kung'oa."

Nilikuwa naomba radhi kikaoni, nachukua ufunguo wa gari, naenda.